Mcheza Kwao Hutunzwa: Juu ya Nyimbo na Hadithi za Wayahudi wa Afrika ya Mashariki

Hakuna kwaya katika nchi yetu, tangu Tukuyu mpaka Ilula, isiyoimba habari za Wayahudi. Jumapili moja twamsikia Musa akivuka bahari pamoja na watu wake. Jumapili ya pili twamsikia Danieli katika tundu la simba. Na sikukuu ikifika, Esta huingia mbele ya mfalme. Tena nyimbo hizi siku hizi hazikai kanisani tu. Vijana huzipiga picha na kuzitia katika intaneti, na mtu wa Makete aweza kuisikia kwaya ya Mbozi akiwa shambani, simu i mfukoni mwake. Walakini ukimwuliza mwimbaji mwenyewe, "Hao Wayahudi wako wapi leo?" mara nyingi atakujibu kana kwamba habari yao ilikoma pale yalipokoma Matendo ya Mitume.

Hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Maana Wayahudi wapo, na baadhi yao ni Waafrika kama sisi, wakulima wa kahawa kama sisi, nao husimulia habari zao kwa nyimbo zilizonaswa na kuenezwa kwa mitambo ya siku hizi. Twataka kuzipima kazi hizo kwa haki, tuseme lililo jema na lililopungua. Kisha tuulize neno moja zito: msimulizi wa namna hii asaidiweje, tena na nani?

Kwanza tuwajue wenyewe. Karibu na mji wa Mbale, mashariki ya Uganda, penye miteremko ya Mlima Elgon, wanakaa watu waitwao Abayudaya, ndiyo kusema watu wa Yuda. Mwanzo wao ni Semei Kakungulu, shujaa wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa nchi ya mashariki, akitumaini kutawala huko kama mfalme. Tumaini lile halikutimizwa. Alikuwa Mkristo, tena msomaji sana wa Biblia. Baadaye akafuatana na Bamalaki, watu waliokataa dawa za hospitali. Na mwaka 1919 akaamua kushika Agano la Kale peke yake, akatahiriwa yeye na wanawe. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha mafundisho na sala kwa Kiluganda, na mwaka 1928 akafa. Hapakuja kwao misioni ya Kiyahudi kutoka ng'ambo kuwaanzisha. Njia yao waliisoma katika kitabu kile kile kilicho mezani petu. Baadaye ndipo walipokutana na Wayahudi wageni waliowafundisha zaidi mambo ya sala na ya sikukuu.

Mwaka 1971 Idi Amin alitwaa serikali ya Uganda, naye akaikataza dini yao. Masinagogi yakafungwa. Wengi wakageukia Ukristo au Uislamu, na wachache waliobaki wakasali kwa siri mpaka Amin alipoondolewa mwaka 1979. Katika miaka ya 1980 vijana kadha wa kadha walikusanyika katika kilima cha Nabugoye, wakakaa pamoja na kulima pamoja, wakatunga nyimbo mpya za sala ili kuwavuta wenzao warudi. Miongoni mwao walikuwamo J. J. Keki na Gershom Sizomu. Huyu wa pili alikwenda kusoma Los Angeles, akawekwa kuwa rabi mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuingia katika Bunge la Uganda. Basi, msomaji, ukizisikia nyimbo zao ujue kwamba si pambo la ibada tu. Zilikuwa kamba ya kuwafunga pamoja watu waliokuwa karibu kutawanyika.

Nyimbo hizo zilikusanywa na Jeffrey Summit, rabi aliyefundisha elimu ya muziki katika Chuo Kikuu cha Tufts huko Marekani. Mwaka 2003 zilitolewa na Smithsonian Folkways katika sahani moja yenye jina la Abayudaya, na katika tuzo za Grammy za mwaka 2005 zilikuwa miongoni mwa kazi zilizoteuliwa kushindania tuzo ya muziki wa asili wa mataifa. Hata leo mtu aweza kuzisikia kwa simu.

Tuanze na sifa. Humo mna zaburi zilizoimbwa kwa Kiluganda na kwa Kiebrania, mna nyimbo za Sabato, tena mna nyimbo za kina mama za kubembeleza watoto. Sikio la mtu wa kwetu litashtuka, maana sauti zao hupangwa nne nne kama za kwaya zetu. Si ajabu: wazee wao walilelewa katika nyimbo za misioni kabla ya kuiacha. Lakini hawakuziiga tu na kukaa. Tuni ni za huko huko, ngoma ni za huko huko, na maneno ya Kiebrania yametiwa ndani yake kama maji yatiwavyo katika mtungi wa nyumbani. Maji ni ya kisima cha mbali, mtungi ni wa mfinyanzi wa kijijini. Tena twasifu hekima ya kuweka nyimbo za watoto karibu na zaburi. Angeweka zaburi peke yake, tungewaona kama watu wa kuonyeshwa, wenye dini lakini wasio na nyumba. Mama anayembembeleza mwanawe hutuonyesha nyumba.

Sasa lililopungua. Maelezo yote ya kazi ile yalipigwa chapa kwa Kiingereza. Mtu wa Boston huelezwa kila wimbo maana yake. Mtu wa Soroti au wa Kisumu asiyejua Kiingereza haelezwi, ingawa ndiye jirani. Tena nyimbo za miaka mbalimbali zimewekwa pamoja, hata msikilizaji asiye na kile kitabu hawezi kujua ni ipi ya wakati wa wazee na ni ipi ya vijana wa Nabugoye. Kasoro hizi si za waimbaji. Ni kasoro za njia waliyopitishwa: mwenye kulipa gharama yuko mbali, na kwa hiyo kazi nayo hugeuza uso wake kumtazama yeye.

Kazi ya pili ilitoka mwaka 2013, nayo twaipenda zaidi, na wakulima wa Mbozi na Rungwe wataipenda kuliko sisi. Keki alikuwa New York tarehe 11 Septemba 1901 na mia moja zaidi, yaani mwaka 2001, siku ile majumba mawili marefu yalipoangushwa na watu wenye chuki. Akarudi kwao akinuia kufanya jambo la amani kati ya watu wa dini mbalimbali. Jambo alilolipata karibu naye lilikuwa kahawa. Mwaka 2004 yeye na jirani zake Wakristo na Waislamu walianzisha chama cha ushirika, wakakiita Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu, na kampuni moja ya kahawa ya California ikakubali kununua mazao yao kwa bei ya haki. Kisha wanachama wakatunga nyimbo: za kuwaita wenzao waingie katika ushirika, za kufundisha utunzaji wa mibuni, za kusifu bei njema, za kuwaonya wagombanao. Summit akazikusanya hizo pia, na Smithsonian Folkways ikazitoa.

Uzuri wa kazi hii ni kwamba haimwombi msikilizaji huruma. Myahudi, Mkristo na Mwislamu huimba katika lugha zao juu ya mbuni ule ule na mvua ile ile. Hadithi ya Kiyahudi imo, lakini imekaa kitako pamoja na hadithi za majirani, kama ilivyo kijijini. Kuna mtu atakayesema kwamba wimbo wa ushirika ni tangazo la biashara, si sanaa. Sisi twamjibu: je, nyimbo zetu za kulimia na za kutwangia, zilikuwa na kazi gani isipokuwa kusaidia kazi? Wimbo wenye kazi ya kufanya huwa na mifupa. Twakiri nyimbo nyingine ndefu kuliko haja, na mashauri yake hurudiwa mno. Mkulima akiisha kuambiwa mara tatu avune zile nyekundu, mara ya nne hakuna faida. Lakini kosa hilo ni kosa la mwalimu mwenye bidii, na sisi walimu twalijua.

Ipo kazi ya tatu, nayo ni ya namna nyingine kabisa: ni sinema iitwayo Nirgendwo in Afrika, iliyotengenezwa na bibi wa Kijerumani, Caroline Link, mwaka 2001, ikapata tuzo ya Oscar mwaka 2003 kuwa sinema bora ya lugha ya kigeni. Imetoka katika kitabu cha Stefanie Zweig cha mwaka 1995. Mwandishi huyo alizaliwa mwaka 1932, akakimbizwa na wazazi wake kutoka Ujerumani kwenda Kenya mwaka 1938, wakati utawala wa Hitler ulipowatesa Wayahudi, mateso yaliyoishia katika kuuawa kwa watu kiasi cha milioni sita. Sinema yaonyesha jamaa ya Redlich: baba mwanasheria aliyekuwa mtunzaji wa shamba la watu, mama asiyeweza kuizoea nchi, na binti yao Regina, anayejifunza Kiswahili upesi kuliko wote. Mpishi wao ni Owuor, naye aliigizwa na Mkenya, Sidede Onyulo.

Kazi hii ina ustadi mwingi. Kiswahili husemwa humo kama lugha ya watu, si kama kelele za nyuma ya hadithi. Tena haikumfanya mkimbizi kuwa malaika. Yule mama, aliyekimbia dharau kwao, afika Kenya na kumdharau Owuor; amtuma maji, kazi ambayo kwao Owuor ni ya wanawake; na mumewe amwonya kwa ukali asiwatende wengine kama wao walivyotendwa. Hilo ni funzo kubwa: mtu aweza kuonewa leo na kuonea kesho, asipojichunga. Walakini neno moja halitupi raha. Owuor twamjua kwa upendo wake kwa yule mtoto kuliko tunavyomjua kwa mambo yake mwenyewe. Jamaa ya Redlich twaingia nyumbani mwao, twajua hofu zao za usiku. Owuor twamwona mlangoni. Msimulizi alisimulia yake, na ni haki yake. Lakini la Owuor lamngoja msimulizi wake bado.

Basi tukiziweka kazi hizi tatu katika mizani, twaona jambo moja. Sinema ile ilihitaji mali nyingi, na mali hiyo ilipatikana Ujerumani. Nyimbo za Mbale zilihitaji kinasa sauti na mtu wa kukishika, navyo vilitoka Marekani. Katika zote, msaada ulitoka mbali. Hatusemi msaada wa mbali ni mbaya. Hiyo Folkways yenyewe ilianzishwa mwaka 1948 na Moses Asch, Myahudi aliyezaliwa Warsaw mwaka 1905, mwana wa Sholem Asch aliyeandika vitabu kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki. Asch alitoa sahani zaidi ya 2,000 za nyimbo na sauti za mataifa, na alikuwa na shauri moja: sahani isifutwe katika orodha kwa sababu wanunuzi ni wachache. Baada ya kufa kwake Smithsonian iliichukua kazi yake mwaka 1987 kwa ahadi ya kulishika shauri hilo. Kwa sababu hiyo nyimbo za watu wachache wa kilima kimoja hazipotei. Huo ndio msaada tunaousifu: si sadaka ya siku moja, bali ghala lisilofungwa.

Lakini wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema hutunzwa na wageni. Anayecheza ugenini hupigiwa makofi. Anayecheza kwao hutuzwa, kwa kuwa watazamaji wanamjua baba yake na wanaielewa ngoma yenyewe. Nyimbo za Abayudaya zimesikiwa sana Marekani; Mbeya na Iringa hazijulikani, ingawa njia ya Mbale si ndefu kama ya Boston, na kiswahili cha sokoni hufika huko.

Twajua kuna Mkristo atakayeuliza: "Yafaa nini tuwasikilize, tena tulipe, watu waliouacha Ukristo wa wazee wao?" Swali hili si la kuchekwa, na tulijibu kwa upole. Kusikiliza si kuongoka. Sisi twaimba zaburi kila juma, na hatukuzitunga. Tulizipokea kutoka kwa watu hao. Mtu akila matunda ya mti miaka yote, haimpasi kukataa kuutazama shina lake. Tena kuna hatari katika kumjua Myahudi kwa kitabu tu. Asiyepata kusikia sauti ya Myahudi aliye hai, mpishi, mama, mkulima, huamini upesi kila uzushi uletwao kwa simu juu yao, wa kuwatukuza kupita kiasi au wa kuwachukia. Wimbo wa mama wa Nabugoye waweza kuuponya ujinga huo bila mabishano.

Na sasa turudi kwetu, maana mizani tuliyowapimia wengine yatupasa kujipimia wenyewe. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akinasa muziki wa asili, na katika Uhehe alinasa ligombo, chombo cha nyuzi ambacho wazee walikipigia na kusimulia. Sauti hizo zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Twamshukuru, maana asingepita, zingekufa. Lakini si aibu kwamba kijana wa Kalenga, mwenye makumbusho ya Mkwawa mlangoni pake, hana budi kutafuta ng'ambo apate kusikia ligombo la babu zake? Tena katika miaka ya 1940 wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto, walitunzwa Ifunda na Kidugala, wakiwa wamefukuzwa makwao na vita ile ile iliyowamaliza Wayahudi wa Ulaya. Wazee wetu waliwaona na kuwauzia mahindi. Ni nani aliyewaimba? Ni nani aliyeketi na mzee wa Ifunda, simu mkononi, akamwuliza na kuhifadhi majibu yake?

Vijana wa kufanya kazi hiyo tunao. Wanachokosa ni matunzo. Kwaya huuza ng'ombe na kuchanga fedha ili kunasa nyimbo kumi. Juma lile lile kibanda cha sokoni huzirusha katika simu za watu kwa malipo yanayoingia mfuko wa mwenye kibanda, na kwaya haipati kitu. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA iliwekwa kwa kazi hiyo. Lakini sheria haiwezi kukaa katika kila kibanda. Wengine hutumaini YouTube. Na wajue kanuni zake: mtunzi hapati fungu lake la fedha za matangazo mpaka awe na wafuatiliaji 1,000, na picha zake ziwe zimetazamwa saa 4,000 katika miezi kumi na miwili, au njia nyingine ya picha fupi inayotaka mamilioni ya watazamaji. Msimulizi wa Kisafwa au Kibena, ambaye lugha yake ni ya watu wachache, atafikaje huko peke yake?

Kwa hiyo twatoa mashauri matatu. La kwanza, tusirushiwe bure kilichotengenezwa kwa jasho. Ukiupenda wimbo, uununue kwa kwaya yenyewe au kwa njia waliyoitaja wao. La pili, msimulizi asemapo habari za watu wengine, kama kwaya zetu zisemavyo habari za Wayahudi, na ajifunze habari za watu hao walio hai, asiwavike kanzu za vitabu vya picha tu; na mwalimu wa kwaya aanze kwa kuwasikilizisha waimbaji wake zaburi za Mbale. La tatu, kila usharika na kila shule ijifanyie ghala kama la Asch, dogo kwa kadiri yake: kisanduku cha kuhifadhia sauti, na daftari lenye jina la msimulizi, mahali, tarehe, na lugha. Jina lisikose. Wimbo usio na jina la mwenyewe ni kama ng'ombe asiye na alama; kila mtu humwita wake.

Abayudaya hata leo hawapiti maelfu machache, nao wamesikika duniani. Wahehe, Wanyakyusa, Wabena na Wasafwa ni wengi kuliko wao mara nyingi. Wingi haukutusaidia, kwa kuwa twangoja mgeni mwenye kinasa sauti. Kinasa sauti kimo mfukoni mwetu. Wazee wangaliko, lakini si kwa miaka mingi. Atakayeanza na aanze kwa mzee aliye jirani yake, kabla ya mavuno yajayo.